Kwa Mwendo wa Walio Nyuma

Wazee wa mitaa wametuomba tuandike neno juu ya matembezi ya afya, ambayo sharika zetu za mlimani zitayafanya mara ya pili mwaka huu. Wengine walitaka tuandike tangazo tu: siku, saa, njia, basi. Lakini hatuwezi kuwaita watu kwenye matembezi ya pili pasipo kusema yaliyotukia katika yale ya kwanza. Maana wengi wenu mmeisikia habari ile nusunusu, wala si vema habari ya namna hiyo izunguke sokoni isiposemwa kanisani.

Neno letu limo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amerudi kutoka kwa Labani baada ya miaka ishirini, na Esau ndugu yake amekuja kumlaki pamoja na watu mia nne. Wamekumbatiana, wamelia, na zawadi zimepokelewa. Ndipo Esau atoa shauri kwa moyo mweupe ya kwamba waondoke sasa wafuatane, naye atatangulia. Ni shauri jema. Esau ni mtu wa nyikani, mwindaji, na wale mia nne ni watu wenye miguu. Lakini Yakobo akataa kwa upole. Amwonyesha watoto walio wachanga, na kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha. Amweleza ya kuwa wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Ndugu yake na atangulie. Yeye atakwenda polepole, akifuata mwendo wa wanyama walio mbele yake, na mwendo wa watoto.

Twajua sana ya kuwa Yakobo hakuwa mnyofu katika maneno yake yote siku ile, kwa kuwa alimwambia Esau atamfuata hata Seiri, kisha akaelekea Sukothi. Hatumtetei kwa hilo. Ila juu ya mwendo alisema kweli, tena alikuwa na sababu ya kuijua kweli hiyo. Rudini nyuma sura moja. Usiku ule uliotangulia alikuwa ameshindana penye kivuko cha Yaboki hata alfajiri, akaguswa penye nyonga, na jua lilipomzukia pale Penieli alikuwa akichechemea. Basi huyu anayenena habari za watoto na za wanyama wanyonyeshao ni mtu anayechechemea mwenyewe. Jana yake angaliweza kwenda sawasawa na Esau, leo hawezi. Mtu ambaye mguu wake haujamwuma kamwe aweza kuwa na huruma nyingi, lakini mwendo wa aliye dhaifu haujui; huukisia tu.

Nasi mwaka jana tulikisia.

Jambo lenyewe lilianza vizuri. Jumapili moja baada ya ibada, wauguzi wa zahanati waliweka meza chini ya miti ya kanisa, wakapima damu ya watu na shinikizo lake. Wakaonekana wengi wenye kisukari na wenye presha ya juu, wengi kuliko tulivyodhani, na baadhi yao hawakuwa na habari kabisa. Walikuwamo wazee wa kanisa, walimu, wenye maduka, tena alikuwamo mmoja wetu sisi tunaoandika haya. Wauguzi wakatuambia ya kuwa dawa ni lazima kwa aliyeandikiwa dawa, lakini dawa peke yake haitoshi, na kwamba kutembea ni msaada mkubwa usio na bei. Tukafurahi. Tukaunda halmashauri. Tukachagua njia ya kilomita 12, kushuka hata barabara kuu na kupanda tena kanisani, kwa sababu njia hiyo inapita mbele za watu wengi, nasi tulitaka tuonekane. Tukachapisha fulana. Tukapata na mbuzi, awe zawadi ya atakayefika wa kwanza.

Mtaa mmoja ulikuwa na mama mjane, mzee, aliyetibiwa kisukari miaka mingi. Mwinjilisti wake alikwenda nyumbani kwake mara mbili kumsihi aje, akamwambia, «Mama, matembezi haya ni kwa ajili ya watu kama ninyi.» Naye akaitika. Siku ile aliamka gizani, akatumia dawa yake kama ilivyo desturi yake, akanywa uji kidogo sana kwa kuogopa kuchelewa, akafika kanisani kabla ya saa moja. Sisi tulikuwa tumesema tutaondoka saa moja. Lakini mgeni wetu alichelewa, na hotuba yake ilikuwa ndefu, hata tulipoondoka ilikuwa saa tatu imepita na jua limekwisha kuwa kali.

Vijana waliondoka kwa mbio, maana walikuwa wakimwona mbuzi. Wenye umri wa katikati wakawafuata kwa haraka wasionekane kuwa wazee. Na wale waliokuwa wazee kweli wakabaki nyuma, wawili hapa, mmoja kule, kila mmoja na vumbi lake. Yule mama alitembea peke yake. Alipofika kwenye mteremko wa pili akaanza kutokwa jasho la baridi na kutetemeka, macho yakaingia ukungu, akaketi chini ya mringaringa kando ya njia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Aliyemwona ni mama mwingine, jirani wa kijiji cha chini, aliyekuwa akitoka sokoni na ndizi mbivu alizobakiwa nazo. Yeye si wa kanisa letu, ni Mwislamu. Alipomwona amekaa vile na kujibu maneno yasiyofuatana, alitua mzigo wake, akaenda kwenye kibanda cha karibu akanunua soda kwa fedha ya soko lake, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akammenyea ndizi. Mtoto wake mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, ndiyo sababu aliutambua. Akakaa naye hata alipopata nguvu, akamsindikiza mpaka kwake. Saa ile sisi tulikuwa uwanjani pa kanisa tukipiga makofi, mbuzi akikabidhiwa kwa kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, ambaye kwa kweli hana ugonjwa wo wote.

Tulipata habari jioni. Tukaenda nyumbani kwake watu wanne, wenye haya. Tukamwamkia, «Shikamoo, mama.» Akatuitikia marahaba, akaagiza tuletewe viti na chai, kama kwamba sisi ndio tulioumwa. Tukaanza maneno yetu ya udhuru: mgeni alichelewa, watu walikuwa wengi, njia ni ndefu. Akatusikiliza hata mwisho. Kisha akasema, «Wanangu, mlitembea kwa ajili yangu, wala hamkutembea pamoja nami.» Hakuongeza neno lingine juu ya jambo lile, akauliza habari za watoto wetu.

Tangu siku ile neno lake limekuwa likisoma Maandiko pamoja nasi. Tumekuta ya kwamba Mungu huwatazama sana walio nyuma ya msafara, na adui naye huwatazama. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Musa awakumbusha Israeli kosa la Amaleki, na kosa lenyewe si vita tu, maana vita vilikuwa vingi. Kosa ni kwamba aliwapiga wale wa nyuma, waliodhoofika, wakati watu walipokuwa wamechoka. Amaleki hakuhitaji kuwa hodari. Ilimtosha kungoja mahali ambapo wenye nguvu wamekwisha kupita. Na kule baharini, katika Kutoka 14, malaika wa Mungu na ile nguzo ya wingu walitoka mbele ya kambi wakaenda kukaa nyuma yake. Sisi tulikuwa na mbeba bendera mbele, na ngoma mbele, na mchungaji mbele. Nyuma hatukumweka mtu.

Tena iko habari nyingine ambayo husomwa kwa ajili ya jambo lingine, nayo yatuhusu. Katika Hesabu, sura ya 12, Miriamu apatwa na ukoma, atengwa nje ya kambi siku saba. Sote tumefundisha habari ya kosa lake na adhabu yake. Lakini mwisho wa habari ile twaambiwa ya kuwa watu hawakuondoka mpaka Miriamu aliporudishwa ndani. Taifa zima, pamoja na mifugo yake na mahema yake, lilikaa jangwani juma zima kwa ajili ya mwanamke mmoja mgonjwa, ambaye ugonjwa wake tena ulikuwa kwa kosa lake mwenyewe. Nchi ya ahadi ilingoja.

Twasema «kosa lake mwenyewe» kwa kusudi, maana liko neno baya linalotembea kati yetu. Watu husema juu ya mwenye kisukari ya kuwa amejitakia: alikula sana, alikunywa sana, ni mnene. Kwanza si kweli kwa wote. Wako wenye kisukari walio wembamba kama fito, wako watoto, tena ugonjwa huu huandamana na jamaa na ukoo. Bwana wetu aliulizwa swali la namna hiyo juu ya yule kipofu wa Yohana 9, kama ni yeye aliyetenda dhambi ama wazazi wake, naye akalikataa swali lenyewe. Na hata ikiwa mtu amechangia ugonjwa wake, Miriamu alingojewa.

Basi, je, ni halali kanisa kushughulika na kutembea? Ndugu mmoja alituuliza kama tumeacha Injili tukageuka kuwa chama cha michezo. Swali lake ni jema. Twajibu kwa Katekisimo, ambayo kila mmoja wetu aliisoma kabla ya kipaimara. Katika maelezo ya Imani, sehemu ya kwanza, Luther afundisha ya kuwa Mungu ndiye aliyenipa mwili na roho na viungo vyangu vyote, naye anavitunza bado. Na katika Amri ya Tano haishii kusema usiue. Ageuza amri upande wake wa pili, ya kwamba tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili. Hapo ndipo matembezi yetu yalipo. Hatutembei ili tupate haki mbele za Mungu. Kilomita haziandikwi mbinguni, wala yule alalaye kitandani asiyeweza kutembea hana upungufu wo wote katika neema. Mwili umepewa mimi, lakini umepewa pia kwa ajili ya jirani yangu. Nikiudhoofisha kwa uvivu, jirani amepungukiwa na mikono miwili. Kwa hiyo asitokee mtu wa kujisifu. Tulipoweka mbuzi, tuliifanya Amri ya Tano kuwa mashindano, na aliyeshinda ni yule aliyewaacha jirani zake mbali kuliko wote.

Kutembea si jambo geni katika kanisa hili. Rebmann alitoka Rabai kwa miguu alipouona mlima wetu na theluji yake mwaka 1848. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, reli ya kutoka Tanga ilikuwa haijafika Moshi. Walikuja kwa miguu, na wapagazi waliowabebea mizigo walikuja kwa miguu vilevile, na zaidi. Walimu wa kwanza wa hapa kwetu walivuka makorongo kila juma kwenda kufundisha, na mama zetu walishuka sokoni na kupanda na mizigo kichwani. Hata katika mambo ya nchi, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakuna hata mmoja wa hao aliyefundishwa kutembea. Ilikuwa njia ya kufika.

Leo bodaboda husimama mlangoni. Hatuilaumu; imewafikisha wajawazito wengi hospitali usiku. Lakini twaenda kwa bodaboda hata kanisani, mwendo wa dakika kumi. Mwenye duka huketi tangu asubuhi hata usiku, karani huketi, mchungaji huketi kwenye vikao, na kila kikao kina chai yenye sukari. Mkulima alimaye kihamba chake na mama achotaye maji hawana haja ya kuambiwa watembee, maana kazi ya mikono nayo yahesabiwa katika mazoezi ya mwili. Hao wakija, waje kwa ajili ya ushirika. Matembezi yetu yawahusu zaidi sisi tuketio.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza zamani. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, jina lake Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitoa habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walikuwa watu wa hali moja, lakini dereva aliketi siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti. Ikaonekana madereva walipatwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba mtu mzima apate kila juma dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa nguvu ya kadiri, yaani kama nusu saa kwa siku tano, au zaidi kidogo. Tena likasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mtaona ya kuwa matembezi ya siku moja kwa mwaka hayafiki huko. Siku ile kubwa ni kengele tu; ibada yenyewe ni ya kila siku, jioni, na jirani wawili watatu, hata msalaba wa njia na kurudi.

Juu ya nguvu ya kadiri, muuguzi wetu alitupa kipimo kisichohitaji saa wala mashine: mtu atembee hivi kwamba aweza kuzungumza na mwenzake, lakini hawezi kuimba. Hapo kwaya ilinung'unika, maana walikuwa wamekwisha kuchagua nyimbo saba za njiani. Tumepatana hivi: wataimba mahali pa kupumzika.

Na sasa yatupasa kueleza kwa nini yule mama alianguka, ili wainjilisti wajue, maana hatukujua. Misuli ya mwili inapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Ndiyo sababu kutembea kunamfaa mwenye kisukari. Lakini insulini na baadhi ya vidonge nazo huishusha sukari. Basi mtu akiwa ametumia dawa hizo, na tumbo ni tupu, kisha akatembea mwendo mrefu juani, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Ishara zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kwenda mbio, na maneno yasiyofuatana; mtu asiyejua hudhani amelewa. Akiwa na fahamu na aweza kumeza, apewe upesi kitu cha sukari, soda au maji yenye sukari nyingi, kisha chakula. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Vilevile anayeumwa kifua njiani asiambiwe ajikaze kwa imani. Aketishwe, na gari liitwe.

Miguu nayo yataka neno. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisi za nyayo, hata mtu akatembea na kijiwe ndani ya kiatu asisikie, na jioni akaona damu. Kidonda kama hicho kwa mgonjwa wa sukari chaweza kumpotezea mguu. Kwa hiyo kila mmoja aje na viatu alivyovizoea, visivyo vipya, na soksi. Avikung'ute kabla ya kuvaa, na aitazame miguu yake akifika nyumbani, au aitazamiwe na mtoto. Kuosha miguu ya mtu mwingine si jambo la aibu katika kanisa hili.

Wenye maradhi ya moyo, au presha iliyo juu sana, na wote wanaotumia insulini wamwone daktari au muuguzi wao kwanza, wala wasibadili dawa kwa shauri letu. Sisi si waganga.

Njia ya mwaka huu si ile. Mnajua ya kuwa kwetu barabara nyingi hupanda na kushuka mlima, na kati ya kigongo na kigongo kuna korongo. Tena magoti ya wazee huumia katika kushuka kuliko kupanda. Kwa hiyo tumechagua njia ya kukata mteremko, kandokando ya mfereji wa zamani, chini ya migomba, mahali ambapo hatutaonekana na mtu ila wenye vihamba. Ni kilomita 5. Kwa asiyeweza hizo iko njia ya kilomita 2 kuzunguka shule, nayo itaongozwa na mchungaji mwenyewe, ili mtu asidhani ni njia ya walioshindwa. Tumewaandikia polisi na ofisi ya kijiji mapema. Tutaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgeni awe amefika au hajafika. Hotuba, kama iko, itasikilizwa na watu walioketi, baada ya kurudi. Uji utakuwapo kabla ya kuondoka, na hakuna mwenye kisukari atakayeruhusiwa kuanza akiwa na njaa.

Wainjilisti waandike majina ya watu wa mitaa yao, wawahesabu wakitoka na wawahesabu wakirudi. Kila mtaa utembee pamoja. Watu wanne wenye kitambaa chekundu mkononi watakuwa nyuma kabisa, wenye maji na sukari na simu, na mtu ye yote asiwe nyuma yao. Tumewaomba vijana kazi hii, tukaanza na yule aliyempata mbuzi. Alikubali mara moja. Kumbe alikuwa ameona haya mwaka mzima, wala hatukuwa tumemwuliza.

Zawadi hakuna. Mbuzi mwaka huu atakuwapo, lakini atakuwa ndani ya sufuria, na kifuniko hakitafunuliwa kabla wale wa kitambaa chekundu hawajaingia uwanjani. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho wangojane wanapokutana kula, katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza, kwa sababu wenye nafasi walikuwa wakila kabla maskini hawajafika kutoka kazini. Atakayeona njaa awageukie walio nyuma akawasaidie kufika. Fulana nazo hatukuchapisha. Fedha yake imenunua vipimo vya sukari kwa ajili ya zahanati.

Tulikwenda tena kwa yule mama mwezi uliopita kumwuliza kama atakubali kuja. Tuliogopa kuuliza. Akasema atakuja, atatembea kilomita 2, na mwendo ataupanga yeye, tukaitika. Kisha akaweka sharti: yule jirani yake wa ndizi aalikwe naye, akae pamoja naye mezani. Tukashuka siku ile ile kumwalika. Alitupokea vizuri, akacheka alipokumbushwa ile soda, akasema angependa kuja na mwanawe, ila siku tuliyoipanga ni Jumamosi, nayo ni siku ya soko, na ndizi hazingoji.

Kwa hiyo, ndugu, ninyi mliokwisha kutangaza Jumamosi katika mitaa yenu, tangazeni tena Jumapili ijayo: siku imehamishwa. Tutatembea siku ya Nane Nane, ambayo mwaka huu haiangukii siku ya soko.